Chungu Kimoja, Miili Tofauti: Mjadala wa Kupunguza Uzito Kando ya Ziwa Mweru

Mwaka 2017 mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwasukuma maelfu ya Wakongomani kuvuka mpaka na kuingia wilaya ya Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, mkoa wa Luapula, Zambia. Walipokelewa Kenani, kituo cha mpito. Tangu mwanzoni mwa 2018 wengi walihamishiwa makazi ya Mantapala, wakapewa viwanja vya kujenga na kulima jirani na wenyeji. Msomaji anayeijua historia hiyo hutarajia habari za njaa, wala hakosei. Lakini miaka imepita. Watu wamelima, wamefungua vibanda, wanakaanga mandazi, wanakunywa chai yenye sukari asubuhi na jioni. Chini ya paa moja mtoto anaweza kuwa amedumaa huku mama yake akiwa na uzito uliozidi na shinikizo la damu lililopanda.

Ndiyo maana hoja hii inastahili kujadiliwa kwa makini: kina mama walioambiwa zahanati kwamba uzito unawaumiza waunde kikundi, wapange mlo wa kila siku pamoja, na waufuate pamoja. Sauti nne zifuatazo nimezitunga mwenyewe ili kila upande upate msemaji wake. Mzee anapinga. Muuguzi anaunga mkono. Mchuuzi wa samaki wa soko la Kashikishi, wilaya hiyohiyo ya Nchelenge, ana uzito uliozidi, naye anataka kusaidiwa. Kijana ni mhamasishaji wa afya wa kujitolea. Uamuzi wangu nitautoa mwishoni.

Juu ya njaa iliyopita

MZEE: Naanza kwa kupinga, na sioni haya. Tuliingia nchi hii tukiwa tumebaki mifupa. Mama aliyevuka na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, mwili wake uliporudi tulimshukuru Mungu. Leo mnamwambia mwili huo ndio ugonjwa? Tena mnajua watu husema nini mtu akikonda. Wakati ukimwi haukuwa na dawa, pande zote mbili za ziwa wembamba ulikuwa hukumu. Watu walikimbiwa na ndugu zao. Mama akipungua kilo tano, nani atapita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba amepungua kwa hiari yake?

MUUGUZI: Baba, hofu hiyo ni ya kweli na siipuuzi. Simwiti kila mwanamke mnene mgonjwa. Ninayemsema ni yule ambaye kipimo cha shinikizo kimepanda kila anapokuja, au sukari yake imepanda, na tumeona kwamba uzito umechangia. Halafu, mwili uliopitia njaa ndio unaohitaji uangalizi zaidi. Uholanzi ilipata njaa kali majira ya baridi ya 1944 na 1945. Watoto waliokuwa tumboni wakati ule walipimwa wakiwa na umri wa miaka hamsini hivi, ikaonekana miili yao inashindwa kuidhibiti sukari kuliko ya wenzao waliozaliwa kabla ya njaa au waliotungwa baada yake. Mtu wa namna hiyo akinenepa ukubwani, hatari inakuwa juu zaidi. Kwa hiyo kukimbia njaa hakutupi kinga dhidi ya kisukari.

MZEE: Uholanzi ni mbali, binti yangu.

MUUGUZI: Basi tuje karibu. Kenya walipopima mwaka 2022, wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Hapa Zambia utafiti wa taifa wa 2018 ulikuta watoto 35 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nambari hizi zimetoka nchi mbili, lakini kupungukiwa na kuzidiwa havikai nchi tofauti tena. Vinaingia nyumba moja, vinakula sahani moja.

KIJANA: Na tusidhani ni lazima mtu akonde ndipo apone. Marekani walifuatilia watu zaidi ya 3,200 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, matokeo yakatoka 2002. Waliofundishwa kubadili mlo na kutembea waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito. Idadi ya waliopata kisukari kati yao ilipungua kwa asilimia 58 ikilinganishwa na wasiofundishwa. Mama wa kilo 80 anaambiwa apunguze kilo tano na nusu hivi. Hapo hakuna jirani atakayesema amekwisha.

Juu ya nia na chungu

KIJANA: Ila mimi nina swali langu. Kikundi cha nini? Mtu mzima akiambiwa aache mafuta, aache. Nia haigawanywi kama mgao wa unga. Tukishazoea kwamba bila wenzetu hatuwezi, siku kikundi kikivunjika tunarudi palepale.

MCHUUZI: Mwanangu, umewahi kupikia watu wanane? Nia ninayo. Kisichokuwapo ni chungu cha peke yangu. Nikipika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese ya kutosha, nami nitakula hiyohiyo. Nikipunguza mafuta, mume wangu atauliza kama biashara imekufa. Nikijipikia pembeni, nimejitenga na watoto wangu, na mkaa sina. Jioni mimi ndiye wa mwisho kula, kwa hiyo kila kilichobaki kwenye sufuria namaliza mimi, maana kutupa chakula baada ya tuliyoyaona njiani ni dhambi. Hayo siyo mambo ya kuyashinda kwa nia. Ni mambo ya kuyapanga.

MUUGUZI: Dada huyu amesema kitu ambacho wataalamu walichukua muda kukikubali. Mwaka 1961 mama mmoja wa New York, Jean Nidetch, aliwaalika rafiki zake nyumbani kwa sababu mlo aliopewa kliniki hakuweza kuufuata peke yake. Mwaka 1963 mikutano hiyo ikawa shirika la Weight Watchers. Miongo mingi baadaye, mwaka 2011, jarida la kitabibu la Lancet lilitoa utafiti wa watu 772 wa Australia, Ujerumani na Uingereza. Waliopelekwa kwenye vikundi vya aina hiyo walipungua wastani wa kilo 5 kwa mwaka, na waliobaki na ushauri wa kawaida wa daktari walipungua kilo 2 na kidogo. Kikundi hakiondoi nia ya mtu, kinaipa mahali pa kusimama.

MZEE: Hapo nakubali nusu. Vikundi tunavijua. Wenyeji wana chilimba, sisi ng'ambo tulikuwa na likelemba. Kila mmoja anatoa, kila mmoja anapokea kwa zamu. Lakini angalieni kwa nini likelemba inadumu: fedha inayotolewa ni ileile kila wiki. Hao wa New York wana maduka yanayofunguliwa kila siku na chakula kilekile Januari hadi Desemba. Sisi chakula chetu kinaamuliwa na mvua, na ziwa, na tarehe ya mgao. Mpango wa mlo ulioandikwa Juni utafuatwaje Januari?

Juu ya kalenda ya ziwa

Swali la Mzee ndilo lililobeba uzito wa mjadala wote, na ni haki lijibiwe na anayeishi kwa kalenda hiyo.

MCHUUZI: Mwaka wetu una sehemu tatu. Kuanzia mavuno ya karanga na mahindi, Machi, Aprili, Mei, hadi kiangazi, chakula kipo. Samaki waitwao pale wanapatikana wabichi, chisense, dagaa wa ziwani, wanaanikwa, viazi vitamu vinachimbwa, lengalenga, yaani mchicha, imejaa kando ya maji. Huo ndio wakati wa kupunguza uzito, maana mtu anapunguza akiwa na cha kuchagua. Sehemu ya pili ni Oktoba na Novemba: watu wanalima kwa nguvu, akiba inashuka, unatumia nguvu nyingi kuliko unazopata kwa kula. Sehemu ya tatu ni mvua. Tarehe 1 Desemba serikali inafunga uvuvi hadi Februari iishe, ili samaki wazaliane. Mimi biashara yangu inasimama. Samaki mbichi anapotea sokoni, bei inapanda, unga unapungua. Ukiniambia nipunguze kilo mwezi huo, unaniambia nidanganye.

MUUGUZI: Basi kikundi kisiwe na lengo la kupunguza Desemba, Januari na Februari. Kiwe na lengo la kutoongezeka, na la kula vizuri kwa kidogo kilichopo.

KIJANA: Huko ni kukata tamaa mapema.

MUUGUZI: Hapana, ndiko kudumu. Mipango mingi inakufa mwezi ambao haikuwezekana kufuatwa, mtu anajiona ameshindwa na harudi tena hata chakula kikirudi. Mpango unaosema tangu mwanzo kwamba miezi mitatu tunashikilia tu, hauna siku ya kushindwa hapo katikati.

MZEE: Na siku ya mgao? Wewe hukuwapo Kenani. Siku unga na mafuta yanapofika, watu wanakula kama kesho haipo.

MUUGUZI: Hilo nalo lina maelezo, wala si ulafi. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwalisha vijana 36 wenye afya nusu ya chakula chao kwa miezi sita, kwa ridhaa yao. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Wakawa wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi, wanalamba sahani. Waliporuhusiwa kula walikula mno, na baadhi yao walishiba tumbo bila kushiba moyoni kwa miezi. Ndivyo mwili wa binadamu unavyofanya baada ya njaa. Kumkemea mtu wa namna hiyo ni kumwonea. Kumsaidia ni kugawa mgao siku ileile unapopokelewa, mafungu manne ya wiki nne, na fungu la pili lisifunguliwe kabla ya wakati wake. Hapo kikundi kina kazi ya kweli: kugawa pamoja, siku moja, kila mwenye nyumba akishuhudia.

Juu ya sahani yenyewe

KIJANA: Haya. Tuseme nimekubali. Leo wanakula nini?

MCHUUZI: Asubuhi, kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, na chai. Sukari ndiyo vita yangu. Naweka vijiko vitatu kikombe kimoja, na vikombe ni vitatu kwa siku.

MUUGUZI: Hivyo ni vijiko tisa, karibu gramu 36. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, ambayo kwa mlo wa kawaida ni kama gramu 50, na ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Mandazi na soda bado hatujahesabu. Ushauri wangu: wiki mbili za kwanza kijiko kimoja kipungue katika kila kikombe, wiki mbili zinazofuata kingine. Kikundi kizima kwa pamoja, ili anayemtembelea mwenzake asikute majaribu.

MCHUUZI: Mchana na jioni ni bukari, yaani ugali. Sisi tunachanganya unga wa muhogo na wa mahindi.

MUUGUZI: Bukari ibaki. Anayewaambia watu wa Luapula waache bukari hajaja kusaidia. Kinachobadilika ni nafasi yake kwenye sahani. Leo inachukua robo tatu, mboga pembeni. Tugeuze: nusu ya sahani matembele, sombe au lengalenga, robo bukari kiasi cha ngumi ya mlaji, robo samaki au maharage. Unga wa muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana, kwa hiyo bila samaki, maharage au karanga mtu anashiba na mwili bado una njaa. Anayenunua unga wa mahindi achukue mgaiwa badala ya ule mweupe uliokobolewa, nafaka yake ina nyuzi na inakaa tumboni.

MCHUUZI: Na mafuta?

MUUGUZI: Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, yawe ya mawese au ya dukani, kina nishati ya kilokalori 120 hivi. Mboga ikikaangwa mchana na samaki akakaangwa jioni, mtu mmoja anaweza kumeza vijiko vinne bila kujua. Samaki aitwaye pale achemshwe kwa nyanya na kitunguu. Chisense waoshwe vizuri kwa maji ya moto kupunguza mchanga na chumvi, wapikwe bila kukaangwa. Hao wanaliwa na mifupa yao, ni kalsiamu ya bure kwa mifupa yetu. Kikundi kipime kwa kijiko, wasimimine kutoka chupani.

MZEE: Simama hapo. Mtoto aliyedumaa katika nyumba hiyohiyo anahitaji mafuta hayohayo. Mnamponya mama kwa kumnyima mtoto?

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote. Wafuasi wengi wa mipango ya kupunguza uzito hawalifikirii hata kidogo swali hili, kwa sababu mipango yao iliandikwa kwa nyumba ambazo kila mtu ana sahani yake na hakuna mwenye njaa.

MCHUUZI: Mzee, hili nimelifikiri usiku. Chungu kibaki kimoja. Mboga ipikwe kwa mafuta kidogo. Nikishapakua, ya watoto naiongezea kijiko cha mawese au karanga zilizotwangwa, yangu naiacha ilivyo. Sijapika mara mbili, sijatumia mkaa wa ziada, na mtoto amepata zaidi kuliko zamani. Na kilichobaki chunguni hakilali tumboni mwangu. Nakifunika, kinapashwa asubuhi kwa wanaokwenda shule.

MZEE: Hilo sina la kulipinga.

Juu ya mzani na aibu

KIJANA: Ili tushike mpango, kila Jumamosi wapimwe mbele ya wote. Aliyeongezeka atoe faini kwenye sanduku. Likelemba nayo ina faini.

MCHUUZI: Ukifanya hivyo mimi siji. Likelemba inanitoza kwa kuchelewa, hainitozi kwa mwili wangu.

MUUGUZI: Nami nasimama na dada huyu. Uzito upimwe na mtu mmoja anayetunza siri, mara moja kwa mwezi, na ubaki kwenye kadi ya mwenyewe. Kikundi kiulize yale ambayo mtu anayaweza: je, ulipima mafuta kwa kijiko? Je, ulipunguza sukari? Je, ulitembea hadi shambani au sokoni? Tena kuna wasiostahili kuingia: mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga, mgonjwa wa kifua kikuu, aliyepungua bila kujua sababu, na yeyote ambaye mkono wake ni mwembamba. Anayetumia dawa za kushusha sukari asipunguze chakula kabla ya kuzungumza na zahanati, maana sukari inaweza kushuka ghafla ikamwangusha.

MZEE: Na msiba? Na harusi? Huko huwezi kwenda na kijiko.

MCHUUZI: Msibani nitakula kilichopo kama binadamu wengine. Kesho yake narudi kwenye sahani yangu. Kikundi kisichojua kusamehe siku moja hakitafika mwezi wa pili.

Uamuzi wangu

Nimewasikiliza wote wanne, na ninasimama na hoja, kwa masharti matatu ambayo upinzani wa Mzee ndio ulioyazaa.

Sharti la kwanza ni kwamba kikundi kiwe cha walioshauriwa na zahanati, wala kisiwe cha kila mwanamke mwenye umbo kubwa. Katika jamii iliyotoka kwenye njaa, unene bado ni ushahidi wa usalama, na hatuna haki ya kuufanya aibu. Tunapigana na shinikizo la damu na kisukari, hatupigani na miili ya mama zetu.

Sharti la pili ni kwamba mpango ufuate kalenda ya Mweru na ya shamba. Upunguze wakati wa wingi, ushikilie wakati ziwa limefungwa, na ugawe mgao siku unapofika. Watu wengi huacha mpango kwa sababu uliandikwa kwa ajili ya soko lisilokuwapo. Wakilaumiwa kwa udhaifu wa nia, lawama imekosea mlango.

Sharti la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni kwamba mpango uanze chunguni na usichukue kitu kwa mtoto. Kuongeza mafuta na karanga kwenye sahani ya mdogo baada ya kupakua, na kuiacha ya mkubwa ilivyo, kunaponya pande mbili kwa pishi moja. Mpango wowote utakaoletwa Mantapala, Nchelenge au Kashikishi usioweza kujibu swali la mtoto huyo, urudishwe ulikotoka.

Kijana alisema nia haigawanywi. Ni kweli, lakini kazi ya kupanga inagawanywa: kugawa unga, kupima mafuta, kununua samaki wakavu Novemba kabla bei haijapanda, kukumbushana sukari, kutembea pamoja. Wanawake hawa wameshathibitisha kwa likelemba na chilimba kwamba wanaweza kutunza ahadi kwa miaka bila karani wala polisi. Kinachohitajika ni waume wakubali mboga yenye mafuta kidogo bila manung'uniko, zahanati zitoe kipimo cha shinikizo na sukari kwa kila mama anayeomba, na wanaopanga mgao wakumbuke kwamba unga, mafuta na chumvi bila maharage na mbegu za mboga huzaa njaa na unene kwa wakati mmoja.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwako yuko mama aliyeambiwa apunguze uzito, usimwachie sahani yake peke yake. Kaa naye, pangeni chakula cha wiki hii, na wewe mwenyewe ule alichopanga.